Sauti ya Amiri

"Sema tena," Alinanuswe alisema. "Usipige kelele. Amiri hapigi kelele."

Isakwisa alijiweka sawa kwenye stuli, akakohoa, akaisogelea maiki iliyovalishwa soksi. Kwenye skrini mzee mwenye ndevu na kilemba cha kijivu alikuwa amesimamishwa katikati ya neno, mdomo wazi, nyuma yake milima yenye theluji. Alinanuswe akabonyeza kitufe. Mzee akaanza kutembea.

"Mnataka nchi yangu iwe uzio wenu," Isakwisa alisema. "Mrusi asimguse Mwingereza, Mwingereza asimguse Mrusi. Haya. Na uzio wenyewe mmeuuliza?"

Ilikuwa sauti nzuri, nzito, iliyonyooka. Sherehe nyingi za Mbeya zilikuwa zikimgombania kijana huyu awe mshereheshaji wao. Alinanuswe aliisikiliza huku amefumba macho, na alipoyafumbua alijua hakuna la kufanya. Sauti ilikuwa imekaa juu ya mdomo wa mzee kama kofia ya kuazima.

"Inatosha," alisema. "Asante, mdogo wangu. Tutaiacha hivyo."

"Mama, kama sijapatia niambie tu."

"Umepatia. Kapumzike."

Walikuwa katika chumba cha nyuma cha nyumba yake ya mtaa wa Soweto, hapo Mbeya, chumba kisicho na dirisha, kuta zake zimebandikwa magodoro ya zamani ili kelele za nje zisiingie. Hata hivyo ziliingia. Jirani palikuwa na mashine ya kusaga, na ilipokuwa ikinguruma hapakuwa na kazi. Mlisubiri mpaka mahindi ya watu yaishe ndipo mfungue midomo. Kwa miaka mingi Alinanuswe na mumewe Liberatus walikuwa wamefanya kazi hiyo kwenye chumba hicho. Walichukua filamu za nje, wakazitafsiri, wakaweka sauti zao juu ya sauti za wenyewe. Liberatus alikuwa wanaume wote: askari, mganga, jambazi, mfalme. Alinanuswe alikuwa wanawake wote, na watoto, na mara mojamoja mbuzi. Kazi zao zilionyeshwa kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video kwa kiingilio, kuanzia Tunduma mpaka Mafinga, na huko chini kwenye mashamba ya mpunga ya Madibira, ambako watu waliokuwa hawajawahi kuwaona waliwajua kwa koo zao.

Kazi iliyowapa jina kuliko zote ilikuwa hii ya Amiri, filamu ndefu ya vipande vingi. Iliigizwa na watu wa nchi kavu za Asia ya Kati, wenye farasi wafupi na mashavu mapana. Liberatus, aliyependa kusoma, alikuwa amemweleza mkewe mwanzoni kabisa. Zamani, alisema, Mrusi alishuka kutoka kaskazini akimeza nchi moja baada ya nyingine, na Mwingereza akapanda kutoka India akifanya vivyo hivyo. Walipokaribia kugusana waliogopana. Wakaona heri waiache nchi moja ya milima katikati yao, kama majirani wasiopatana wanavyoacha kipande cha shamba bila kukilima. Hiyo ndiyo historia. Lakini watunzi wa filamu walikuwa wameipinda. Katika filamu yao hakuna aliyemwachia mwenzake. Waligombana mpaka mto uliopita katikati ya nchi ukafanywa mpaka, ng'ambo hii bendera ya Urusi, ng'ambo ile bendera ya Uingereza, na Amiri wa kubuni katika nchi ya kubuni akabakiwa na ngome moja na daraja moja.

"Wangeweza kuipinda vizuri zaidi," Alinanuswe alikuwa amesema. "Wakamwacha aishi kwa amani."

"Nani angeangalia?" Liberatus alijibu.

Liberatus alizaliwa Kalenga, Iringa, pale ambapo Wajerumani walivunja ukuta wa ngome ya Wahehe zamani za mababu, na alipomwona Amiri akitembea juu ya ukuta wake hakuhitaji kufundishwa. Alimpa sauti ya polepole, ya chini, yenye kusitasita kidogo kabla ya neno kubwa. Alimpa pia adabu za kwao. Ofisa wa Kiingereza alipoingia ngomeni na upanga wake, Amiri alimtazama juu mpaka chini, akampa salamu ya Kihehe, "Kamwene," na vibanda vyote vya Iringa vilivunjika mbavu. Tangu hapo Amiri alikuwa wao.

Kisha Liberatus akafa. Ilikuwa wakati wa masika, alitoka kwenda barabarani kununua plagi, akaanguka mbele ya akina mama wanaouza parachichi. Presha, walisema hospitali. Alizikwa Kalenga. Vilikuwa vimebaki vipande vitatu tu vya mwisho, na katika cha mwisho Amiri anakufa.

Kile cha kwanza, chenye sauti ya Isakwisa, Alinanuswe alikituma Madibira kwa Makoye. Makoye alikuwa Msukuma aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wa baba yake akiwa bado kijana. Sasa alilima mpunga na kuendesha kibanda. Alikuwa rafiki wa Liberatus, na hakuwa mtu wa kuzunguka maneno. Siku iliyofuata alipiga simu.

"Shemeji, watu wamenyanyuka."

"Wamesema nini?"

"Hawakusema. Wamenyanyuka, wakaenda kukaa nje kwenye jua. Kuna mzee mmoja wa kwetu ndiye aliyesema. Anasema huyu si Amiri. Anasema Amiri ameshatekwa, huyu ni Mrusi wamemvalisha kilemba."

Alinanuswe alitaka kucheka, ikashindikana.

"Ungewaacha wakae na vile vya zamani," Makoye alisema kwa upole. "Wanavirudia. Hawachoki."

"Na mimi nifanye nini, shemeji? Nivirudie vya zamani?"

Makoye aliaga, akakata simu.

Jumapili iliyofuata mashine ya kusaga ilikuwa imelala na mtaa mzima uko kanisani. Alinanuswe aliingia chumbani, akafunga mlango, akajifunika blanketi kichwani pamoja na maiki kama mtu anayejifukiza. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kujaribu jinsi maneno yanavyokaa, ili amweleze Isakwisa vizuri zaidi. Alishusha sauti mpaka chini ya kifua, mahali ambapo mwanamke hana kazi napo, akasubiri mdomo wa mzee ufunguke.

"Mnataka nchi yangu iwe uzio wenu."

Ilitoka. Haikuwa ya kuigiza. Alikuwa amewahi kumwigiza mumewe mara nyingi, mezani, kumkera, na alijua jinsi kuigiza kunavyokwaruza koo. Hii haikukwaruza. Ilipita kama maji yanavyopita kwenye mfereji yaliyouzoea, pamoja na kusitasita kule kabla ya neno kubwa, ambako yeye hakuwa amekupanga. Alimaliza mazungumzo yote ya ngomeni bila kukosea mahali.

Alirudisha nyuma, akavaa hedifoni, akasikiliza.

Kabla ya neno la kwanza palikuwa na pumzi. Pumzi ya mtu anayevuta hewa kwa pua, na ndani yake filimbi ndogo, nyembamba, upande mmoja. Liberatus alikuwa amevunjika pua utotoni kwa kuanguka kwenye mkokoteni. Kwa miaka yote ya ndoa yao filimbi ile ndiyo iliyomwambia Alinanuswe kwamba mwenzake amelala.

Alivua hedifoni, akaziweka mezani polepole kama mtu anayeweka yai. Chumba kilikuwa kimya. Godoro la ukutani, lile la maua ya bluu, lilikuwa limebonyea pale alipokuwa akiegemea Liberatus. Alijiambia huenda ni kipande cha zamani kilichosalia ndani ya kompyuta, kikachanganyika. Hilo hutokea. Hakwenda kuangalia. Alizivaa tena, akaendelea na kazi.

Kipande kile kilipofika Madibira hakuna aliyenyanyuka. Makoye alipopiga simu sauti yake ilikuwa chini, kama aliye msibani.

"Shemeji, umempata wapi?"

"Zilikuwepo rekodi za zamani," alidanganya. "Alikuwa ameshaanza."

"Mzee amelia," Makoye alisema. "Yule yule."

Alinanuswe alirekodi na kile cha pili. Sasa hakuhitaji blanketi. Sauti ile ikaanza kuja hata asipoiita. Sokoni Mwanjelwa aliinama kuuliza kitunguu, na muuzaji akainua kichwa kumtafuta mwanaume aliye nyuma yake. Jirani alibisha hodi mchana, Alinanuswe akajibu, "Nani?" na akasikia viatu vikirudi haraka barabarani. Aliona haya, lakini haya yenyewe ilikuwa na utamu ambao hakutaka kuutazama. Asubuhi alipoamka alikaa ukingoni mwa kitanda, akajisalimia kwa koo lile. "Umeamkaje, mama?" Kisha akajijibu kwa lake. "Salama." Kila siku lake lilikuwa jembamba zaidi.

Ndipo wifi yake Prisca alipopiga simu kutoka Kalenga.

"Wifi, mama amesikia."

"Amesikia nini?"

"Kaka."

Prisca alikuwa na televisheni, na mama mkwe, Mama Benedicta, alikuwa akija kwake kumsikiliza mwanawe. Alikaa na mgongo kwenye skrini. Hakutaka kuona kwamba mtoto wake ni mzungu mwenye ndevu. Baada ya mazishi aliacha kuja. Lakini kijana mmoja alimletea Prisca flashi mpya, na mama alikuwa akipita uani.

"Amefagia chumba cha kaka," Prisca alisema. "Ametoa godoro juani. Nikimuuliza anasema, umesikia mwenyewe, yuko kazini, akimaliza atakuja. Wifi, mimi naogopa. Na anasema usimalize. Anasema usithubutu kumaliza, na uje."

Alinanuswe aliondoka siku iliyofuata. Basi lilivuka tambarare ya Usangu, likapanda Makambako, likapita kwenye baridi na misonobari ya Mafinga, na njia nzima hakufungua mdomo, hata kondakta alipomuuliza anashukia wapi. Alimwonyesha kwa kidole kwenye tiketi.

Mama Benedicta alikuwa jikoni, jiko la nje lenye ukuta wa matofali na paa la bati lililotoboka, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mdogo kuliko Alinanuswe alivyomkumbuka. Kitenge cha msibani bado alikuwa amekifunga.

"Kamwene, mama," Alinanuswe alisema, kwa kunong'ona, akipiga goti.

"Kamwene. Keti."

Aliketi kwenye kigoda. Prisca alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu.

"Ni wewe uliyesema mle," mama mkwe aliuliza, "au ni yeye?"

"Ni mimi, mama."

"Prisca anasema siku hizi mashine inaweza kumsemesha mtu aliyekufa."

"Si mashine. Ni koo langu tu."

Kikongwe aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa nje. Aliokota jingine.

"Waliniletea sanduku," alisema. "Nikasema nifungulieni. Wakasema mama, safari imekuwa ndefu, usifungue. Kina baba wakubwa, na padri, wote wakasema usifungue. Nikatii. Sikumwona uso. Sikumwambia neno. Mtu ametoka tumboni mwangu, ameingia ardhini, na katikati hapo hakuna aliyeniuliza nina neno gani." Alitikisa ungo. "Mwite."

"Mama."

"Nimesema mwite. Kama ni wewe basi unaweza. Na kama ni yeye atakuja."

Prisca alisema, "Mama, muache wifi, amechoka."

Alinanuswe aligeukia ukuta. Matofali yalikuwa meusi kwa moshi, na buibui mmoja alikuwa akipanda. Alifikiri atakataa. Alifungua mdomo akatae.

"Mama," sauti ilisema.

Mlangoni Prisca alishika kinywa chake. Mikono ya Mama Benedicta ilisimama juu ya maharage. Hakugeuka. Alikuwa amekaa vilevile, mgongo kwa mkwe wake, kama alivyokuwa akikaa mbele ya televisheni.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula, mama."

"Uongo. Ukiwa safarini huli." Vidole vilianza tena kutembea kwenye ungo. "Lile bati hukuleta. Mvua yote ya mwaka huu imeingia hapa. Kuni zimelowa. Nashoni wa hapo jirani akaniambia atalibadilisha yeye, nikasema hapana, nina mwanangu, amesema ataleta."

"Nimechelewa, mama."

"Umechelewa. Na yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Nilikuwa nataka kukuambia mwenyewe, si kwa simu." Aliokota jiwe, akalitupa. "Mkeo ni mtu mwema. Mwanzo sikumtaka. Nilisema Mnyakyusa atakupeleka kwao na hatutakuona. Nilikosea, ila sikukuambia."

Alinanuswe alikuwa akitazama buibui. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini koo lilikuwa kavu, imara, halikutikisika; halikuwa na habari na machozi yake.

"Utalala?" mama aliuliza. "Chumba nimekifagia. Au unaondoka lini?"

Kesho. Neno lilikuwa tayari limekaa kwenye ulimi, lenye joto, kama tonge. Angelisema na mama angeridhika. Angeandaa chakula cha watu wawili. Na wiki ijayo Alinanuswe angepanda tena basi, na wiki ile nyingine, na kwenye kigoda hiki wangekaa wao watatu, mpaka siku ambayo hapatakuwa tena na wa kumwambia kondakta anashukia wapi kwa sauti ya mwanamke. Alilihisi neno likisukuma meno. Alilimeza. Liliteremka likiwa limesimama wima.

"Nilishaondoka, mama," alisema. "Masika."

Nje kuku walikuwa wakichakura.

"Masika," Mama Benedicta alisema.

Kisha akaanza kusema Kihehe. Alisema kwa muda mrefu, bila haraka, bila kupandisha, kama mtu anayempa msafiri maelekezo ya njia. Alinanuswe, baada ya miaka yote ile, alishika maneno machache tu. Alisikia jina la baba mkwe marehemu, akasikia neno la maji. Prisca alikuwa amejikunja pale mlangoni, analia kwenye kanga yake. Alipomaliza, kikongwe aliweka ungo chini, akageuka kwa mara ya kwanza, akautazama uso wa mkwe wake kwa makini kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake.

"Sasa basi," alisema kwa Kiswahili. "Mwachie mwenzio koo lake."

Alinanuswe alikohoa. Alikohoa mpaka akainama, mikono magotini. Alipoweza kusema, kilichotoka kilikuwa chembamba, cha kike, chenye mafua.

"Samahani, mama."

"Pole, mwanangu. Prisca, mletee maji."

Walikaa. Baadaye walikula maharage yaleyale. Ni wakati wa kunawa ndipo mama alipouliza, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Hiyo sinema yenu. Mwishoni anakufa?"

"Anakufa."

"Nani anamuua? Mrusi au huyo mwingine?"

"Hakuna anayemuua, mama. Anatoka ngomeni peke yake, anakwenda kukaa katikati ya daraja. Majeshi yako huku na huku. Yeyote atakayempiga wa kwanza ndiye ameanzisha vita, kwa hiyo hakuna anayepiga. Theluji inaanguka. Wanamwangalia tu mpaka baridi inamchukua."

"Wote wanamwona?"

"Wote wanamwona."

Mama Benedicta alifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Basi maliza," alisema. "Usimwache mtu kakaa darajani."

Mbeya, mashine ya kusaga iliponyamaza, Alinanuswe aliingia chumbani. Isakwisa alikuja, akafanya ofisa wa Kirusi na ofisa wa Kiingereza, wote wawili, na safari hii alifurahi kwa sababu walikuwa wapiga kelele na hakuna aliyemkataza. Alinanuswe akafanya mke wa Amiri na wajakazi. Isakwisa alipoondoka, alibaki na daraja.

Alijifunika blanketi. Alishusha sauti mpaka chini ya kifua. Kilichotoka kilikuwa mwanamke wa makamo anayenguruma. Alijaribu tena. Alivaa hedifoni, akatafuta kabla ya neno, akaongeza sauti mpaka mwisho. Palikuwa na mvumo wa umeme, na mbali kidogo, kupitia magodoro yote, mtu akiita kuku. Aliketi chini ya blanketi hadi joto likamzidi. Hapo ndipo alipolia kilio ambacho hakukilia msibani, kwa sauti yake yote, nayo ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Alipotulia aliiwasha tena skrini bila nia yoyote, na mkono wake ukagusa kitufe ambacho mikono yao haikuwa imekigusa tangu kipande cha kwanza. Kila kazi waliyofanya, walianza kwa kushusha sauti ya waigizaji wenyewe, karibu iishe, ili Kiswahili kipate mahali pa kukaa. Sasa ilipanda. Upepo wa milimani ukajaa chumbani. Kisha mzee akasema.

Haikuwa sauti nzito hata kidogo. Ilikuwa nyembamba, imekauka kidogo, sauti ya mwalimu wa shule ya msingi baada ya vipindi vyote vya siku. Alinanuswe alibaki ameshika kitufe. Miaka miwili alikuwa ameutazama mdomo ule, akaujua kila jino, na siku zote mtu huyu alikuwa akisema. Alisikiliza mpaka theluji ikamfunika. Hakuweka neno juu yake. Alihifadhi kazi, akaitia kwenye flashi.

Madibira aliipeleka mwenyewe. Ilikuwa msimu wa mavuno; kando ya barabara mpunga ulikuwa umetandazwa kwenye maturubai, na wanawake walikuwa wakiugeuza kwa nyayo. Makoye alimpokea, akamtafutia kiti nyuma ya kibanda karibu na mkewe, Minza, ambaye alikuwa amekuja na birika la chai. Watu walijaa ingawa jua lilikuwa bado kali. Miale iliingia kupitia matundu ya bati na kukaa juu ya mabega yao. Mbele kabisa alikaa mzee mwenye fimbo ya kuchungia, na Alinanuswe hakuhitaji kuulizia ni yupi.

Maofisa walipiga kelele. Watu walicheka, wakawatukana kidogo. Mke wa Amiri alimfunga mumewe shuka mabegani, akamwambia, kwa sauti ya Alinanuswe, asisahau kuvaa viatu. Mlango wa ngome ukafunguka. Mzee akatembea mpaka katikati ya daraja, akakunja miguu, akaketi. Kamera ikamsogelea. Akafungua mdomo.

"Sauti imekufa," mtu alisema gizani.

"Haijakufa. Sikiliza."

"Hiyo si yake."

Yule mwenye fimbo aliigonga chini mara moja. Kibanda kikanyamaza.

Mzee wa darajani alikuwa akisema polepole, kwanza akitazama ng'ambo hii, kisha ng'ambo ile. Hayakuwa maneno marefu. Neno, kimya, neno. Hakuna aliyenyanyuka. Minza alisogeza kichwa mpaka kitambaa chake kikamgusa Alinanuswe shavuni.

"Dada," alinong'ona, "anasema nini?"

Maandishi ya Kiingereza yalikuwa yamepita chini ya skrini kwa herufi ndogo, na Alinanuswe alikuwa ameyasoma.

"Anataja vijiji," alisema. "Vya huku na vya kule. Kimoja kimoja."

Minza aliitikia kwa kichwa. Aliliweka birika kwenye udongo, katikati ya miguu yake. Kwenye skrini theluji ilikuwa inaanza kushika kwenye kilemba. Alinanuswe alipomtazama tena yule mwanamke, alimwona ameelekeza macho mbele kama wengine wote, mikono imelala mapajani, na midomo yake ikicheza, taratibu, bila sauti, kama anayetaja vijiji vya kwao.